Bitana

Baba alivua koti, akalikunja mara mbili, akalipakata.
Chumba cha mwisho, hospitali ya Arua,
mashine ikiwa bado imefunikwa kitenge cha muuguzi wa usiku.
Nikamfunga mkanda mkononi, nikapampu
mpaka mapigo ya kifundo yakanyamaza.
"Dakika tano," nikamwambia.
"Tano za hospitali, au tano za kweli?"

Haya yote niliyasoma kwa lugha ya vitabu,
na Kilugbara changu kikaniacha njiani.
Nikarukia Kiswahili chake cha kambini,
alichokiokota akichochea matanuri ya tumbaku
pamoja na watu wa kila kabila:
"Mshipa, baba, una bitana."
Akaguna. Bitana anaijua.

Ni tabaka la seli moja, moja tu,
jembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu.
Zimelala bega kwa bega zikifuata mkondo,
kama nyasi za Enyau mafuriko yakishapita.
Hazidundi kama moyo, hakuna anayeziapia.
Damu ikipita, huihisi kasi yake;
ikizidi, huachia hewa kidogo,
hewa ambayo umri wake ni kufumba na kufumbua,
na katika umri huo humnong'oneza msuli:
legea, mpishe mgeni.
Hilo ndilo ninalotafuta nikifungua mkanda:
kama bado kuna anayenong'ona.

Nikafungua. Damu ikarudi mbio
kama watoto kengele ya saa saba ikilia.
Kwenye kioo, kuta mbili za kijivu zilipaswa kuachana.
Nikapima. Nikafuta. Nikapima tena.
Zilisogea
kama mlango wa mtu asiyetaka kukopwa.

Miaka thelathini na mmoja ya matanuri ya Maracha,
usiku kucha akiyalisha kuni, majani yakigeuka dhahabu,
naye akionja kila mavuno,
"ili nijue tunauza nini."
Moshi huinywa ile hewa kabla haijatamka neno.
Nitamwambiaje mtu huyu, ambaye karo yangu
ilitoka kwenye moshi uleule?

Ni yeye aliyenisaidia.
Alitia mkono mfukoni kutafuta leso,
kidole kikatokea upande wa pili.
"Bitana imechanika tangu msiba wa Adriko," akasema.
"Sarafu hazipotei. Zinashuka kwenye upindo.
Nikitembea nazisikia."

Basi ndivyo, baba. Ndivyo hasa.
Mafuta ya damu hupenya palipochanika,
yakatua ukutani, yakaita mengine,
mshipa ukawa mzito mahali
ambapo hakuna mkono unaofika.

Akanyamaza. Kisha: "Na fundi wa hii yuko wapi?"
Ni zenyewe. Hujishona, polepole,
usipozichoma. Ukitembea zinapata nguvu.
Punguza chumvi. Kidonge hiki kila usiku.
"Fundi asiyenidai hata senti," akasema,
"na mimi namchomea kibanda."
Alicheka peke yake.
Nikaandika namba daftarini, nikaikoleza
zaidi ya ilivyohitajika.

Jioni, Ediofe, mama alifumua upindo kwa wembe.
Zikadondoka kwenye ungo: sarafu za mia, za hamsini,
moja ya zamani ambayo hakuna duka litakaloipokea,
kifungo, ufunguo wa baiskeli iliyoibwa
nikiwa darasa la nne,
na vumbi la kahawia, lenye harufu tamu.

Baba alilichota vumbi kwa vidole viwili.
Akalinusa.
Akatoka nje.

Tulikaa tukitega sikio kwa kiberiti.
Tulichosikia ni viatu vyake, kokoto,
akiizunguka nyumba mara moja,
mara ya pili,
akisimama nyuma ya jiko, kwa muda mrefu mno,
kisha kokoto tena.
Mama Ezaru alilamba ncha ya uzi,
akaisogeza sindano karibu na taa.